Moto Unaopotea Bure Ungetupa Barafu: Hotuba kwa Mafundi, Wavuvi na Wachakataji wa Samaki wa Kigoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa mialo, wazee wetu wa ziwani, mama zangu mnaochakata dagaa na migebuka, mafundi majokofu wenzangu, na vijana mnaojifunza ufundi: mwakeye! Shikamooni wakubwa zangu.

Nimeombwa leo, Siku ya Kimataifa ya Ozoni, nizungumze kuhusu gesi tunazotia kwenye majokofu. Nitazungumza. Lakini naomba nianzie mwaloni, maana huko ndiko baridi inakohitajika zaidi katika mkoa huu, na ndiko inakokosekana.

Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, ziwa letu la Tanganyika hujaa taa za wavuvi. Alfajiri mitumbwi inarudi Kibirizi, Katonga na Ujiji, na tangu hapo mbio zinaanza. Sangala aliyetua saa kumi na mbili asubuhi akiwa na macho maangavu, ikifika saa sita mchana mnunuzi anamfunua mashavu, anaona wekundu umefifia, anataja nusu ya bei. Mama anakubali, kwa sababu anajua jioni hata hiyo nusu haitakuwepo. Dagaa wakishuka siku ya mvua hawaanikiki. Wanalala kwenye mikeka, wanaanza kunuka, wanageuka chakula cha kuku. Na sisi tuliopo mjini tuna nafuu. Nendeni Kagunga kule mpakani na Burundi, au mshuke kusini hadi Kalya. Barafu ikipandishwa boti hapa mjini, huko inafika imebaki maji ya baridi ndani ya kasha.

Kwa hiyo watu wanabanika. Samaki wa kubanika ni mtamu, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kuni. Miti inakatwa kwenye miteremko inayotazama ziwa, mvua inanyesha, udongo unashuka, unatua kwenye miamba ya ufukweni ambako samaki wanazalia. Tunachoma mazalia ya kesho ili kuokoa samaki wa leo, na tunafanya hivyo kwa kukosa barafu tu.

Sasa geukeni mtazame upande wa pili. Mkoa huu huu unaokosa baridi unatupa joto kila saa. Jenereta la dizeli likinywa lita 3 za mafuta, takriban lita 1 ndiyo inayogeuka umeme. Lita 2 zilizobaki zinageuka joto: sehemu inatoka na moshi wa ekzosi, ambao kwa injini iliyobeba mzigo huwa na nyuzi 300 hadi 400 na zaidi, na sehemu inachukuliwa na maji ya rejeta. Kigoma tumeishi kwa majenereta miaka mingi. Gridi ya taifa imeingia mkoani kwetu na tunashukuru, lakini hotelini, hospitalini na kwenye vijiji vya pembezoni mwa ziwa jenereta bado linaunguruma. Nendeni tena Ilagala na vijiji vyote vya michikichi, mtazame mapipa yanayochemshwa kutwa nzima ili kupata mawese. Moshi wake unakwenda juu, na pembeni kuna rundo la maganda ya mise, yaani kokwa za chikichi, ambalo hakuna anayejua alifanyie nini.

Nililokuja kuwaambia ni hili: joto hilo linaweza kutengeneza barafu. Moja kwa moja, bila kompresa, na bila gesi yoyote inayoharibu ozoni au kuongeza joto duniani.

Najua wapo wanaoguna. Moto utengeneze barafu? Twende polepole.

Fundi yeyote aliyemo humu anajua kwamba baridi hatuiumbi. Tunalolifanya ni kuliondoa joto mahali tusipolitaka na kulipeleka mahali pengine. Ndani ya jokofu kuna kimiminika kinachogeuka mvuke, na kila kimiminika kikigeuka mvuke kinanyonya joto la kilicho jirani yake. Ndiyo sababu bomba linaganda barafu pale gesi inapoanza kuchemka. Kazi ngumu inakuja baadaye, kwenye kuukusanya ule mvuke na kuurudisha kuwa kimiminika ili uzunguke tena. Kwenye majokofu mnayotengeneza kila siku, kazi hiyo inafanywa na kompresa: inauvuta mvuke, inaubana, inausukuma kwenye kondensa, yaani mabomba ambamo mvuke unapoa na kurudi kuwa kimiminika. Kompresa ndiyo inayokula umeme, na kompresa ndiyo inayokufa umeme ukipanda na kushuka.

Mtambo wa joto unauondoa mvuke kwa njia nyingine. Waliokulia Uvinza wanajua kwamba chumvi isiyofunikwa vizuri wakati wa masika hulowa yenyewe, kwa kuwa inavuta mvuke wa maji kutoka hewani. Ukiipasha moto, mvuke unatoka, chumvi inakauka, nayo iko tayari kuvuta tena. Mzunguko mzima ninaouelezea umo humo: kitu kikiwa baridi kinavuta mvuke, kikipashwa moto kinautoa.

Katika mtambo wa kutengeneza barafu, kinachogeuka mvuke ni amonia, na kinachouvuta mvuke huo ni maji ya kawaida. Maji yana uroho mkubwa wa amonia. Lita 1 ya maji yenye nyuzi 20 inaweza kumeza zaidi ya nusu kilo. Amonia inachemka kwenye evapareta, yaani upande wa baridi wa mtambo, kwa nyuzi 10 chini ya sifuri hivi, na maji ya chumvi (brine) yanayozunguka makopo ya barafu yanapoa. Mvuke unaotoka hapo unakimbilia kwenye chombo chenye maji, maji yanaumeza. Yakishiba, pampu ndogo inayasukuma hadi kwenye chombo cha moto. Angalieni kwamba pampu hii inasukuma kimiminika, wala haibani mvuke, kwa hiyo inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na kompresa. Kwenye chombo cha moto, ekzosi au moto wa maganda ya mise unayachemsha yale maji, amonia inatoka kwa presha ya juu, inakwenda kwenye kondensa, inapoa, inakuwa kimiminika, inarudi evapareta kupitia valvu. Maji yaliyobaki yanarudi kupokea mvuke mwingine. Basi.

Yapo mavazi mengine ya jambo hilohilo. Kwa viyoyozi vya majengo makubwa hutumika maji kama kipoozeo, yaani ndiyo yanayogeuka mvuke, na chumvi inayoitwa litiamu bromaidi ndiyo inayovuta mvuke. Mtambo wa aina hiyo unaridhika na maji ya moto ya nyuzi 80 au 90, lakini hauwezi kutengeneza barafu kwa kuwa kipoozeo chenyewe ni maji na kingeganda ndani ya mabomba. Ipo pia mitambo inayotumia vitu vikavu vyenye vitundu vidogo visivyoonekana, kama silika jeli, zeolaiti au mkaa maalumu, vinavyonasa mvuke vikipoa na kuuachia vikipashwa. Sitaingia huko leo. Kwa barafu ya samaki, amonia na maji ndiyo njia iliyokomaa.

Tena ni ya zamani kuliko kompresa nyingi mnazozijua. Mfaransa Ferdinand Carré aliubuni mtambo wa amonia na maji mwaka 1859. Mwaka 1878, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Augustin Mouchot alikusanya mwanga wa jua kwa kioo kikubwa, akauelekeza kwenye mtambo wa aina ya Carré, akatoa barafu mbele ya watu. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliongeza haidrojeni ndani ya mzunguko ili presha ilingane kila mahali, wakaweza kuitoa hata ile pampu ndogo. Jokofu lao halina kitu hata kimoja kinachozunguka. Electrolux wakalichukua na kuanza kuliuza mwaka 1925.

Na hilo mnalifahamu kwa macho, hata kama hamkujua jina la waliolibuni. Zahanati zetu nyingi zilihifadhi chanjo kwenye majokofu ya mafuta ya taa au ya mtungi wa gesi: moto mdogo chini, baridi juu, kimya kabisa. Ndiyo hayo. Watoto wengi wa mkoa huu, pengine hata baadhi yenu mliokaa hapa, wamechanjwa kwa chanjo iliyotunzwa na moto.

Kwa nini basi njia hii ilififia? Umeme ulienea kwenye nchi tajiri, kompresa zikawa ndogo na za bei nafuu, na mwishoni mwa miaka ya 1920 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani wakaleta gesi mpya za klorofluorokaboni. Hazikunuka, hazikuwaka, hazikumdhuru aliyezivuta kwa bahati mbaya. Dunia nzima ikazipokea. Ilichukua hadi mwaka 1974 kwa Mario Molina na Sherwood Rowland kuonyesha kwamba gesi hizo zinapanda juu sana na kuivunja ozoni inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Tarehe 16 Septemba 1987 nchi zilikubaliana Montreal kuziondoa, na ndiyo maana tuko hapa siku kama ya leo.

Mkataba ule ulifanya kazi, nasema hivyo kwa furaha kabisa. Lakini gesi zilizokuja kuchukua nafasi, hizi mnazozichaji kila siku, R134a, R404A na ndugu zake, haziigusi ozoni ila zinashika joto la dunia kwa nguvu ya kutisha. Kilo 1 ya R134a ikiachwa hewani ina madhara ya takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. R404A, inayotumika kwenye vyumba vya baridi na mafriza makubwa, inakaribia kilo 3,900. Fundi akiachia kilo 10 za R404A kwa sababu hana mtungi wa kukusanyia, amefanya kwa dakika chache madhara sawa na kuchoma zaidi ya lita 14,000 za dizeli. Nimeona ikifanyika mara nyingi, na aliyefanya hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia, na mtungi wa kukusanyia ni ghali.

Gesi hizo ndizo zilizojadiliwa jirani hapa, Kigali, Oktoba 2016. Makubaliano ya Kigali yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kwa kundi kubwa la nchi zinazoendelea ratiba iko wazi: matumizi yasizidi kiwango kilichowekwa kuanzia mwaka 2024, yapungue kwa asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, asilimia 50 ifikapo 2040, na asilimia 80 ifikapo 2045. Kijana wa miaka 20 anayejifunza ufundi leo atakuwa na miaka 40 hivi wakati gesi anazofundishwa sasa zimekaribia kwisha sokoni. Kwa hiyo naomba walimu wenzangu tusiwafundishe vijana hawa kana kwamba R134a ni ya milele. Majokofu mapya ya nyumbani tayari yanakuja na R600a, ambayo athari yake kwa joto la dunia ni ndogo mno, ingawa inawaka na inataka nidhamu nyingine kabisa ya kuchomelea. Na amonia athari yake ni sifuri kwa ozoni na sifuri kwa joto la dunia.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu haya ni maneno matamu tu. Kutengeneza tani 1 ya barafu kwa maji ya nyuzi 25 kunahitaji kuondoa joto la takriban uniti 125, uniti ileile ya umeme mnayoinunua kwa luku. Mtambo wa amonia na maji unatoa karibu nusu uniti ya baridi kwa kila uniti 1 ya joto. Kwa hiyo tunahitaji uniti 250 za joto kwa tani 1 ya barafu, ukiacha upotevu. Kompresa nzuri ingetumia uniti 50 au 60 za umeme kwa tani hiyohiyo. Mtu akiishia hapo atasema kompresa imeshinda. Imeshinda ikiwa umeme upo, hauzimiki, na bei yake inalipika. Lakini zile uniti 250 za joto tayari tumeshazilipia na tunazitupa. Jenereta la kilowati 100 likifanya kazi kwa mzigo kamili, kilowati kama 50 za joto la ekzosi zinaweza kukamatwa. Kwa saa 5 au 6 za kazi, hiyo ni tani 1 ya barafu kutoka kwenye moshi. Na katika nchi zenye joto kama yetu, kanuni ya wachakataji ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Tani moja ya barafu, tani moja ya samaki inayofika sokoni ikiwa na bei yake.

Kwa upande wa michikichi, kilo 80 hadi 100 za maganda makavu ya mise, kwenye tanuri lililojengwa vizuri, zinatosha tani hiyohiyo. Serikali imelipa zao la chikichi uzito mkubwa, miche bora inatoka Kihinga, na kadiri mashamba yanavyokua ndivyo rundo la maganda litakavyokua. Nawasihi wenye mitambo ya kukamua: kabla hamjaamua maganda yaende wapi, waiteni mafundi.

Nitasema jambo ambalo huenda baadhi ya wapenzi wa nishati ya jua hawatalipenda. Wengi wananiuliza, kwa nini tusitumie joto la jua kuendesha mtambo huu, kama alivyofanya Mouchot? Inawezekana, na imefanyika sehemu nyingi. Lakini mita 1 ya mraba ya paneli za umeme wa jua, ikiendesha kompresa, leo inatoa baridi nyingi kuliko mita 1 ya mraba ya kikusanya joto kinachoendesha mtambo wa amonia. Paneli zimeshuka bei mno. Ndiyo sababu hata kwenye chanjo, majokofu ya gesi na mafuta ya taa yanaachwa, na zahanati zinapewa majokofu ya jua yasiyotumia betri. Ni sawa kabisa. Chanjo zinataka nyuzi kati ya 2 na 8 bila kuyumba, na jokofu la moto kwa ukubwa ule hubembelezwa sana: utambi usafishwe, mafuta yasiwe na maji, jokofu lisiinamie upande.

Kwa hiyo sipigii debe moto kila mahali. Penye joto linalotupwa, na penye hitaji kubwa la barafu karibu yake, hapo mtambo huu hauna mpinzani. Pasipo na joto linalotupwa, wekeni paneli na kompresa yenye gesi salama. Na kama kuna mtu anafikiria kukata miti ili aendeshe mtambo wa barafu, namwomba asinukuu jina langu kwenye andiko lake la mradi.

Kigoma tuna bahati nyingine ambayo haizungumzwi. Mtambo wa joto unapaswa kutoa nje joto mara mbili: lile lililoondolewa kwenye barafu na lile lililotoka kwenye moto. Pakiwa hakuna maji ya kuupozea, unachoka. Katika nchi kavu wanajenga minara ya kupozea inayokunywa maji kutwa. Sisi tumekaa kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, ambalo maji yake ya juu hubaki kwenye nyuzi 24 hadi 28 hivi mwaka mzima. Kwa maji hayo kondensa inafanya kazi kwa presha ya chini, na chombo cha moto hakihitaji moto mkali sana. Fundi wa Dodoma angetuonea wivu.

Lakini ziwa hilo lina samaki wasiopatikana popote pengine, na amonia kidogo tu majini inaua samaki. Maji ya ziwa yasipite kabisa kwenye bomba lenye amonia upande wa pili wa ukuta mmoja mwembamba. Wekeni mzunguko wa kati wenye maji safi, upimwe kila siku, na maji yanayorudi ziwani yarudi yakiwa yameongezeka nyuzi chache tu. Hilo ni sharti la kwanza. Mtambo ukivujisha kwenye mwalo wa Katonga siku moja tu, hakuna mvuvi atakayetusikiliza tena kwa miaka 20, na atakuwa na haki.

Tuongee sasa mafundi kwa mafundi kuhusu amonia. Inaunguza macho, koo na mapafu, na ikiwa nyingi inaua. Ina sifa moja inayotuokoa: pua inaisikia ikiwa kidogo mno, muda mrefu kabla haijafikia kiwango cha kuhatarisha maisha. Ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo chumba cha mtambo kiwe na matundu makubwa juu, na kisiwe chini ya chumba wanachokaa watu. Maji yanaimeza, kwa hiyo bomba la maji na bafu la dharura viwe mlangoni. Msiweke shaba wala brasi mahali popote inapopita, itazila. Mabomba ni ya chuma, valvu ni za chuma, na mchomeleaji awe na cheti cha kuchomelea mabomba ya presha, kwani upande wa kondensa presha inafika baa 12 na zaidi. Fundi mwenye uzoefu wa friza za dukani asiuguse mtambo huu kabla hajafundishwa upya. Nasema haya kwa upendo. Nimefundisha vijana wengi wenye mikono mizuri sana, na mikono mizuri haimkingi mtu na amonia.

Baada ya hotuba palikuwa na maswali kadhaa. Naliandika hapa moja, la mama mmoja mchakataji wa Kibirizi, kwa kuwa ndilo lililokwenda kwenye kiini cha jambo. Aliuliza: "Mwalimu, moto ni wa bure, sawa. Je, barafu itakuwa ya bure?"

Nilimjibu hivi. Hapana, mama yangu. Moto ni wa bure lakini chuma si cha bure. Mtambo huu una chuma kingi: chombo cha moto, chombo cha kuvutia mvuke, kondensa, vibadilisha joto, vyote vizito. Gharama yake iko karibu yote mwanzoni, siku ya kuununua na kuufunga. Baada ya hapo unakula kidogo sana. Mtambo wa namna hiyo unailipa fedha yake kwa kufanya kazi kila siku. Ukilala, deni halilali. Na uvuvi wetu una siku za kulala. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki kwa taa, basi siku kadhaa kila mwezi mwalo unapoa. Halafu kuna ile miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ambapo serikali ilianza mwaka 2024 kulifunga ziwa ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono kufungwa huko, ila anayenunua mtambo wa barafu akifanya hesabu ya miezi 12 wakati ana miezi 9, atafilisika.

Ndiyo maana ningependa mtambo wa kwanza ujengwe pamoja na ghala la barafu lenye kuta nene za kuzuia joto, ili usiku wa mbalamwezi uendelee kufanya kazi na kulijaza. Na ningependa wanunuzi wa barafu wajulikane kabla bomba la kwanza halijachomelewa: wachakataji, wauza maziwa, wauza nyama, wenye hoteli, na wasafirishaji wa samaki wabichi kwa miezi ambayo ziwa liko wazi. Kikundi kinachomiliki mtambo kiwe na mkataba na mwenye jenereta au mwenye kinu cha mawese, mkataba wa maandishi, useme joto litapatikana saa ngapi na nani analipa mwenye jenereta akihamia umeme wa gridi. Kwa sababu hilo litatokea. Gridi ikifika na jenereta likizimwa, moshi nao unakwisha, na kama hukujiandaa kwa maganda ya mise, umebaki na chuma baridi.

Mama aliuliza tena kama kikundi chao cha wanawake kinaweza kuanza kidogo. Nikamwambia waanze na daftari. Kwa miezi mitatu waandike kila siku ya kazi: kilo zilizoshuka, kilo zilizouzwa asubuhi kwa bei kamili, kilo zilizouzwa mchana kwa bei ya hasara, kilo zilizotupwa, na barafu waliyoinunua kwa bei gani. Vijana wa ufundi nao waende na kipimajoto kwenye majenereta matatu au manne ya mjini, waandike nyuzi za ekzosi na saa za kazi. Daftari hizo mbili zikiwekwa meza moja, tutajua mtambo wa tani ngapi unafaa Kibirizi, au kama haufai kabisa. Alikubali. Vijana watano waliandikisha majina yao kabla chai haijaletwa, na kipimajoto cha kuanzia nimewaachia cha kwangu.